Mchumba wangu anamwita Mungu "Allah" na kwao wanachinja kurbani, lakini ni Mkristo. Wagagauzi ni nani hasa?

"Mimi ni Mtanga, Mwislamu, naishi Istanbul mwaka wa nne sasa. Nanunua nguo Laleli na kuzituma kwa kago hadi Kariakoo. Hapo Laleli nimepata mchumba, anauza duka, ni Mgagauzi kutoka Moldova. Kituruki chake kina lafudhi kidogo lakini tunaelewana vizuri. Anamwita Mungu 'Allah', kwao wanachinja kurbani, na funga wanaiita 'oruç' kama Waturuki, ila ana msalaba shingoni na Pasaka haimpiti. Rafiki zangu wa hapa wameniambia kwamba Wagagauzi walikuwa Waislamu, Warusi wakawabatiza kwa nguvu, kwa hiyo nikimwoa nitakuwa namrudisha kwao. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, na siku mbili hakupokea simu. Je, walisema kweli? Na lugha yao ni lugha kweli au ni Kituruki cha kijijini? Mwezi Mei ananipeleka Ceadîr-Lunga kumwona bibi yake aliyemlea. Nijifunze Kirusi, au Kituruki changu kitatosha?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja, ila nahisi lililokufanya uandike ni zile siku mbili za simu isiyopokelewa. Nitaanzia hapo, maana majibu mengine yamo humo humo. Rafiki zako wamekosea, na wamekosea katika jambo ambalo mchumba wako bila shaka amelisikia mara nyingi kabla hujalitamka wewe.

Warusi hawakuwabatiza Wagagauzi. Waliwakuta Wakristo. Kabla ya kufika Moldova, watu hawa waliishi upande wa magharibi wa Bahari Nyeusi, katika Dobruja na kaskazini mashariki mwa Bulgaria, na kwa karne kadhaa walikuwa raia wa sultani wa Osmani huku wakisali katika makanisa ya Kiorthodoksi. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, Warusi na Waturuki walipigana vita baada ya vita katika eneo hilo. Vita vya 1806 hadi 1812 viliisha kwa mkataba wa Bucharest, na Urusi ikaichukua Bessarabia, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Moldova. Sehemu yake ya kusini, nyika inayoitwa Bucak, ilikuwa imebaki tupu baada ya Wanogai, Watatari wa Kiislamu waliokuwa wakiishi pale, kuondolewa. Urusi ikahitaji wakulima wa kuijaza, ikagawa ardhi na kusamehe kodi. Wagagauzi na Wabulgaria wakavuka mto Danube na familia zao na mifugo yao. Ndivyo vijiji vya Comrat na Ceadîr-Lunga vilivyopata wakazi walionao hadi leo.

Sasa lipime mwenyewe dai la rafiki zako. Ili liwe kweli, ingebidi Waislamu wabatizwe kwa nguvu wakiwa chini ya sultani wa Kiislamu. Nani angelifanya hilo, na kwa ruhusa ya nani?

Swali la haki linalobaki ni hili: Wakristo wanaozungumza lugha ya jamii ya Kituruki walitoka wapi? Wanazuoni hawajakubaliana, nami sitakuficha hilo. Wapo wanaosema asili yao ni makabila ya wafugaji wa Kituruki, Wapechenegi, Wauzi na Wakumani, waliopita kaskazini ya Bahari Nyeusi, wakavuka Danube katika karne ya 11 na kubatizwa na Wagiriki wa Bizanti. Wafugaji hao kwa sehemu kubwa hawakuwa Waislamu. Wengine wanataja Waseljuki, Waturuki wa Kiislamu waliotawala Anatolia (Uturuki ya leo ya upande wa Asia), waliomfuata Sultani wao Izzeddin Keykavus wa Pili alipoikimbia Anatolia katika karne ya 13. Wafuasi wake walipewa makazi Dobruja, wengi baadaye wakarudi, na kwa mujibu wa nadharia hiyo waliobaki wakawa Wakristo, na jina "Gagauz" limetokana na Keykavus. Kundi la tatu, ambalo limekuwa na nguvu hasa Bulgaria, linasema hawa ni wenyeji wa Balkani, kusini mashariki mwa Ulaya, waliochukua lugha ya watawala na kubaki na dini yao. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba Wagagauzi wanafanana na majirani zao wa Balkani zaidi kuliko watu wa Asia ya Kati, lakini damu na lugha ni vitu viwili, na sisi watu wa pwani tunalijua hilo bila kufundishwa.

Ukishikilia nadharia ya Keykavus, basi ndiyo, baadhi ya mababu wa mchumba wako huenda walikuwa Waislamu miaka mia saba iliyopita. Nakwambia hivyo kwa sababu umeniomba ukweli. Lakini hata nadharia hiyo haiwapi rafiki zako Warusi wao, na miaka mia saba si umri wa kumwambia mtu "nakurudisha kwenu".

Wewe mwenyewe unasema kilichokuyumbisha ni yale maneno: Allah, kurban, oruç. Ulidhani neno la Kiislamu ni ushahidi wa dini ya zamani. Hebu uache Moldova, urudi nyumbani kidogo. Ingia kanisa lolote Lushoto au Bukoba siku ya Jumapili usikilize. Padri atasema malaika, shetani, dhambi, imani, roho, sadaka, sala, nabii, Injili. Atainua msalaba. Maneno yote hayo yana asili ya Kiarabu, na jengo lenyewe, kanisa, ni neno la Kiarabu. Je, Mhaya yule anayesali pale bibi yake alikuwa Mwislamu? Hapana. Kiswahili kilikuwa tayari kimejaa maneno hayo kutokana na karne nyingi za biashara na dini ya pwani, na wamisionari kama Mwingereza Edward Steere walipokaa Unguja kutafsiri Maandiko waliyakuta yametandikwa, wakayatumia.

Kwa Wagagauzi mambo yalikwenda karibu hivyo hivyo, isipokuwa mlango wao ulikuwa Kituruki. Lugha ya soko, ya kodi na ya jirani ilikuwa imeshachukua maneno ya Kiarabu na Kiajemi, na Mkristo aliyeizungumza hakuwa na neno jingine la Mungu ila hilo. Wao huliandika Allaa, kwa sababu h ya mwisho humezwa na irabu ikavutwa. Pepo ni cennet, jehanamu ni cendem, dhambi ni günaa. Kisha juu ya tabaka hilo likaja la Kigiriki, la Kanisa lenyewe: mtakatifu ni ayoz, kasisi ni popaz, kanisa ni klisä, Bikira Maria ni Panaiya, Pasaka ni Paskellä. Msikilize akisali, utasikia matabaka yote mawili katika sentensi moja. Wala hawakuwa peke yao. Wakaramanli wa Anatolia nao walikuwa Waorthodoksi waliozungumza Kituruki na kukiandika kwa herufi za Kigiriki, na mwaka 1923, Uturuki na Ugiriki zilipobadilishana watu kwa kigezo cha dini, walipelekwa Ugiriki wakiwa hawajui Kigiriki.

Na hiyo kurbani utaiona kwa macho yako, maana umesema Mei. Tarehe 6 Mei ni Hederlez, siku ambayo Kanisa lao, kwa kalenda ya zamani, linamkumbuka Mtakatifu Georgi. Jina lenyewe linatokana na majina mawili unayoyajua tangu madrasa: Khidhri na Ilyasi. Waturuki wanaiita Hıdırellez. Kwa Wagagauzi ndiyo siku ambayo kwa desturi kondoo hupelekwa malishoni, mchungaji akaajiriwa, mwaka wa kazi ukafunguliwa. Mwanakondoo huchinjwa, nyama hupikwa pamoja na ngano iliyovunjwavunjwa, bulgur, na sahani huzungushwa kwa majirani na jamaa. Mwaka huo wa kazi hufungwa tarehe 8 Novemba, siku ya Mtakatifu Dimitri, ambayo wao huiita Kasım. Ni jina lile lile la Kassim wa kwenu, mgawaji: siku hiyo huugawa mwaka, mchungaji akalipwa ujira wake na kwenda zake. Ni kalenda ya wafugaji wa Balkani na Anatolia, na kila dini iliyopita hapo iliikuta ikaipa majina yake.

Nije kwenye lugha. Ni lugha, au Kituruki cha kijijini?

Kwa asili, Kigagauzi na Kituruki ni ndugu wa tumbo moja, wote wa tawi la Oghuz la lugha za jamii ya Kituruki, na kinakaribiana sana na Kituruki cha Balkani. Mtu anayetaka kukiita lahaja anazo hoja. Lakini sikiliza sentensi zake vizuri. Mturuki hufunga sentensi kwa kitenzi, kana kwamba anasema "mimi sokoni mkate nilinunua". Mgagauzi husema "nilinunua mkate sokoni", kama mimi na wewe. Mturuki akitaka kusema "mtu aliyekuja jana" hukibana kitenzi mbele ya jina: dün gelen adam. Mgagauzi aweza kusema adam, angısı dün geldi, na hiyo angısı inafanya kazi ya "ambaye" yetu. Huo ni mpangilio wa Kislavi uliovikwa maneno ya Kituruki, tunda la karne nyingi za kuishi na Wabulgaria na Warusi. Hata mwanamke wa Kigagauzi huitwa gagauzka, na hiyo -ka ya mwisho ni ya Kislavi. Wewe Mtanga ukimsikiliza Mbajuni wa visiwani Lamu, neno moja moja unalidaka, kisha sentensi inakuponyoka. Ndivyo Mturuki anavyomsikia bibi wa Kigagauzi.

Zaidi ya sarufi kuna historia ya watu waliohangaika ili kuipa lugha hiyo kalamu. Kasisi Mihail Ciachir, aliyezaliwa Ceadîr-Lunga hiyo hiyo unayokwenda, mwaka 1861, aliona waumini wake wakisimama kanisani saa nzima wakisikiliza sala za Kislavi wasizozielewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 akaanza kuwachapia sala na masomo ya Maandiko kwa Kigagauzi, akaandika historia yao, na mwaka 1938, mwaka aliofariki, ikatoka kamusi yake ya Kigagauzi na Kiromania. Nenda ukijua jina lake. Kumtaja mbele ya wazee wa mji ule ni heshima.

Mambo ya baadaye nitayapitia haraka. Romania ilitawala tangu 1918, Wasovieti wakaingia mwaka 1940, kisha ikaja njaa ya 1946 na 1947 iliyoua watu wengi kusini mwa Moldova. Karibu kila familia ina kaburi la miaka ile, kwa hiyo bibi akikuhimiza umalize mkate, umalize. Mwaka 1957 Kigagauzi kilipewa alfabeti rasmi ya Kisirili, yaani herufi kama za Kirusi, kikafundishwa shuleni miaka michache tu, kikaondolewa. Kama bibi alizaliwa karibu na 1950, huenda ni miongoni mwa watoto wachache waliokisoma darasani. Muulize, wazee hupenda kuulizwa hilo. Mwaka 1990 Wagagauzi walijitangazia jamhuri yao, na kwa muda ilionekana damu ingemwagika kama ilivyomwagika Transnistria, eneo jingine la Moldova lililojitenga, mwaka 1992. Haikumwagika. Tarehe 23 Desemba 1994 bunge la Moldova lilipitisha sheria ya kuwapa mamlaka ya ndani, na tangu hapo eneo lao, Gagauz Yeri, lina mkuu wake anayeitwa başkan, baraza lake, mji mkuu wake Comrat, na lugha tatu rasmi: Kigagauzi, Kiromania na Kirusi. Mwaka 1993 walikuwa wameshahamia herufi za Kilatini.

Rasmi ni kitu kimoja, midomoni ni kingine. Shule nyingi hufundisha kwa Kirusi, Kigagauzi kikiwa somo la saa chache kwa wiki, na UNESCO imekiweka katika orodha ya lugha zilizo hatarini. Katika sensa ya 2014 Wagagauzi walikuwa asilimia 4.6 ya watu wa Moldova, na vijana wao wengi wako nje, Urusi, Ulaya, na hapo hapo Istanbul. Ukitaka kujua kwa nini wenye maduka Laleli wanawapenda wasichana wa Kigagauzi, sababu ni hiyo: anamhudumia mteja wa Kirusi na tajiri wa Kituruki bila mkalimani.

Basi ujifunze nini? Nikupe hesabu kamili. Kirusi ndicho kitakachokusaidia zaidi barabarani, hospitalini, ofisini na kwa vijana wenzako. Lakini muda uliobaki hadi Mei hautakupa Kirusi cha kuongea, utakupa cha kusalimia tu. Kituruki chako tayari kinakufikisha sebuleni kwa bibi. Nakushauri utumie miezi hii kukigeuza kiwe Kigagauzi, na mwalimu wako awe mchumba wako mwenyewe. Hata kama ningekuwa na kozi ya kukuuzia, bado ningesema hivyo.

Tena una mtaji ambao Mturuki wa leo hana. Kituruki cha Uturuki kilifanyiwa usafi tangu miaka ya 1930, maneno mengi ya Kiarabu yakatupwa na mapya kubuniwa. Wagagauzi walikuwa nje ya mpaka, usafi ule haukuwapitia. Mengine hata Istanbul bado utayasikia: vakıt ni wakati, haber ni habari, lääzım ni lazima, dünnä ni dunia, ömür ni umri, adet ni ada na desturi, sabaa ni asubuhi, saat ni saa. Neno la kisasa la Istanbul likigonga mwamba, jaribu la zamani, lile linalofanana na la kwenu. Kwa vitu vya shule na mashine wao huchukua Kirusi: shule ni şkola, si okul.

Maneno mawili uyashike kabla hujapanda ndege. Hapo Istanbul umefundishwa kwamba kumwita mwanamke karı ni utovu wa adabu. Kwa Wagagauzi karı ni mwanamke tu, au mke, halina tusi ndani yake, kwa hiyo usishtuke shangazi akilitamka mezani. Jingine litakuchekesha: kwao babu ni bibi. Babu yenyewe ni dädu, baba ni boba. Mchumba wako akikwambia anakupeleka kwa "babu" wake, usijiandae kukutana na mzee wa kiume.

Kuhusu mezani, sema mapema. Kila nyumba inayojiheshimu pale ina divai yake iliyokamuliwa nyumbani, na nyama ya nguruwe ni chakula cha kawaida. Mchumba amweleze bibi kabla hamjafika, bibi asije akajua bilauri ikiwa imeshamiminwa. Kukataa kulikotangulizwa kwa taarifa hakumwumizi mtu. Mkifika kabla ya Pasaka yao, waliofunga hawali nyama, maziwa wala mayai, basi usilitafsiri jungu la maharage kuwa ni uchoyo.

Sasa la ndoa. Mimi ni mtu wa lugha na historia, na hapa uwanja wangu unaishia. Ninachokijua ni kwamba Kanisa la Kiorthodoksi halibariki ndoa ya muumini wake na asiye Mkristo. Kama mnataka kila mmoja abaki na dini yake, msiyamalize kwa simu wala kwa ushauri wa rafiki wa Laleli. Kaa ana kwa ana na shehe unayemwamini akueleze masharti ya kumwoa mwanamke wa Kitabu. Yeye naye akae na kasisi wa parokia yao Ceadîr-Lunga ajue nini kitabadilika kwake kanisani, maana kwa bibi yake hilo linaweza kuwa zito kuliko rangi yako, lugha yako na nchi yako. Watoto watalelewaje, lizungumzeni ninyi wawili kabla ya kuwaona hao wote. Karatasi za ndoa ya kiserikali, zinazotakiwa Moldova na zinazotakiwa nyumbani, ziulizie ubalozi wetu Ankara na ofisi ya usajili ya kule mtakakofungia ndoa.

Kabla ya hayo yote, rudi kwake kuhusu ile kauli. Usimpelekee hoja wala tarehe nilizokupa. Mwambie ulisema jambo usilolijua. Fikiria maisha yake: Istanbul ataambiwa "wewe Mturuki uliyepotea", Chișinău, mji mkuu wa Moldova, ataambiwa "ninyi Waturuki" au "ninyi Warusi", na kila mmoja amekuja na maelezo ya kumwambia yeye ni nani. Siku ile, mtu aliyemchagua naye alikuja na maelezo yake. Kisha muulize nyumbani kwao walikuwa wakisema nini jioni kabla ya kulala, na umwache akufundishe kwa lafudhi ya bibi.

Na siku ya Hederlez, sahani ya kurbani ikishaletwa, usihangaike kutafuta salamu ya Kikristo isiyokukaa mdomoni. Sema Yortunuz kutlu olsun, sikukuu yenu iwe ya heri. Yortu wameitoa kwa Wagiriki, kutlu wamekuja nayo wenyewe, na bibi ataielewa bila kutafsiriwa.